Babu Yako Ndani ya Kihenge

Baba yako, mwanangu niliyemzaa mimi, ndiye atakayeandikisha wapiga kura hapa Mtinko, na kata nzima inajua kwa sababu nimewaambia. Marahaba, mjukuu wangu. Hatujambo, na mtama mwaka huu umekubali.

Unaniuliza kujiandikisha kuna faida gani. Enzi za Mwingereza alikuja karani wa serikali kuwahimiza vijana waliosoma wajiandikishe kupiga kura. Kijijini kwetu aliyemaliza darasa la nane alikuwa babu yako peke yake, na kisimani nililisema hilo kila siku. Lakini wakati ule serikali ikitaka jina lako, sisi tulijua ni kodi tu. Babu yako akajificha ndani ya kihenge cha mtama.

"Mume wangu amesafiri," nikamwambia karani. Humo ndani vumbi likamzidi mwenzangu, akapiga chafya.

Karani hakucheka. Alikisogelea kihenge, akasema taratibu, "Shemeji, hata baba yangu alikuwa akijificha. Safari hii si kodi. Safari hii wewe ndiye unayechagua."

Babu yako aliona aibu kutoka, na mimi niliona aibu kumwita. Karani akaenda zake. Kura zilipopigwa, kijiji chetu hakikuwa na mtu hata mmoja. Mpaka leo nikikumbuka naangalia chini.

Baba yako anaanza Jumamosi asubuhi, pale shuleni, na vijana wote mnangojewa.