Rangi Haijakauka

Bougival,
14 Septemba 1876

Kwa dada yangu mpenzi Zélie,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe na shemeji Anselme. Natumai barua hii inawakuta wazima huko Yvetot, na kwamba miguu ya shemeji imeacha kuvimba. Mimi sijambo. Nakula, nalala, kikohozi kimeniacha. Mama Cordier, mwenye nyumba wangu, anakusalimu sana na anasema mchuzi wake wa sungura bado unakusubiri.

Barua yako ya Jumatatu nimeipata. Unaniuliza kwa mara ya tatu kama picha ya Honorine imekauka. Unasema shemeji amemaliza fremu, ya mwaloni, na msumari umeshapigwa juu ya meko. Tena unasema Jumapili utapanda treni uje kuichukua mwenyewe, kwa kuwa mimi ni mvivu wa kufunga mizigo. Basi nimekaa niandike kabla hujakata tiketi.

Nianze na habari za kazi, maana hukosi kuziuliza. Mwezi wa Aprili mimi na wenzangu tulionyesha picha zetu Paris, katika vyumba vya kukodi. Magazeti yametuita tena Waimpreshonisti, utadhani ni jina la upele. Mama mmoja mnene alisimama mbele ya picha yangu ya theluji akamwuliza mumewe kama huyu fundi aliishiwa rangi nyeupe, mbona theluji yake ya buluu. Mume akamjibu kwamba hata brashi hakuwa nayo masikini, ametumia mwiko wa jikoni, hebu ona mabonge hayo. Walicheka mpaka wakashikana. Mimi nilikuwa nyuma yao nimeshika kofia yangu. Sikuona haya wala hasira. Siku hizi sioni kitu, dada. Picha hiyo ilinunuliwa na daktari wa meno wa Rouen, akaenda nayo kwake.

Unajua kazi yetu ilivyo. Sisi hatuchori chumbani kwa kukumbuka. Tunabeba kitambaa chetu cha kuchorea hadi mahali penyewe, tunapaka kile jicho linachokiona, mbio mbio, kabla jua halijasogea. Likishasogea, ni mahali pengine hapo. Ndiyo maana mwanao Honorine alinitesa kiangazi cha mwaka juzi kwenu, pale kwenye banda la kuku. Nilimhonga lozi za sukari ili atulie. Akazila zote, akakimbia. Uso wake niliupaka kwa mipigo minne ya brashi. Shemeji alipouona aliniuliza pua nimeiweka wapi, au imebaki Paris kwa fundi saa. Wewe ulicheka mpaka ukakaa chini. Nikaondoka na picha, nikisema nitaimalizia.

Sasa nisikilize. Januari, barua yako ya kusema mtoto ameshikwa na ugonjwa wa koo ilinifikia asubuhi, Mama Cordier akanipa pamoja na kahawa. Niliisoma. Nilijiambia watoto huugua, na Honorine ni mtundu, atapona. Kisha nikafungua dirisha. Theluji ilikuwa imeanguka usiku kucha, jua ndiyo kwanza linaigusa, na ukingo wote wa mto ulikuwa na rangi ambayo sijawahi kuiona maishani. Sikuwa na kitambaa kitupu hata kimoja. Kwenda Paris kununua ni nusu siku, na rangi ile isingenisubiri. Nikatazama ukutani, pale picha ya Honorine ilipotundikwa. Yeye ndiye aliyekuwa wa saizi niliyoitaka.

Nilichukua kisu.

Usije ukajipa moyo kwamba yuko chini ya theluji, kule kwa daktari wa meno, na kwamba mtu anaweza kumtoa. Hatupaki juu ya rangi ya zamani, tunaikwangua kwanza. Nilikwangua, nikafuta kwa tambara na tapentaini mpaka nyuzi zikaonekana. Tambara nikalitia jikoni, motoni. Kahawa ilikuwa bado na moto nilipomaliza. Nikatoka nikaipaka theluji, na niliipaka vizuri. Siku ya nne telegramu yako ikaja.

Makaburini ulinishika mkono wa koti ukaniambia huna sura yake nyingine yoyote duniani, nikuletee ile. Nikakujibu kwamba rangi haijakauka. Ukaniamini, dada. Ukaniambia nisiiharakishe, isije ikaharibika. Rangi nyembamba kama ile hukauka kwa wiki mbili, na ilikuwa na mwaka na nusu.

Kiangazi hiki nilijaribu kumrudisha. Nilimwomba binti wa jirani avae kofia ya majani asimame penye kuku. Nikapata picha ya binti wa jirani. Tumejizoeza miaka yote hii tusichore kitu kisichokuwa mbele ya macho yetu, nami nimezoea kupita kiasi. Nakumbuka mwanga ulivyokuwa begani pake, waridi kidogo. Nakumbuka kivuli cha kofia kilichokata shavu, zambarau, na kijani cha nyasi chini ya kidevu. Rangi hizo naweza kuzichanganya nimefumba macho. Uso siukumbuki. Macho yake yalikuwa ya rangi gani, Zélie? Niliyatazama kutwa nzima.

Sijalia mpaka leo. Sikuambii ili unihurumie, nakuambia kwa kuwa ndivyo ilivyo. Ukija Jumapili, nitakuwa stesheni. Usipokuja sitauliza kwa nini. Habari ya fremu mwambie shemeji wewe, mimi siwezi.

Nisalimie majirani wote, na padri. Hapa ndipo huwa naandika umbusu Honorine kwa niaba yangu. Nimeshaliandika neno la kwanza, nikalikata.

Ni mimi mdogo wako,
Firmin