Maharusi Waliogeuka Moshi

Shufaa shoga, usicheke kwanza! Natoka kwa Laurensia, nimeiona ile picha ya harusi yake ya mwaka 97.

Saleh, mpiga picha wa Omurushaka, alikuwa na lenzi mpya ya kutuliza mtikisiko wa mkono. Ukumbi wa parokia giza, flashi akaikataa! Akaacha shata, kile kidirisha cha kamera kinachoingiza mwanga, wazi muda mrefu, anajigamba: "Hii haitikisiki! Nyie chezeni tu!"

Chezeni tu, alisema!

Wakacheza, mikono juu kama pembe za ng'ombe. Lenzi ilituliza mkono wake, ingewatulizaje wachezaji? Nguzo zimetoka safi, maharusi wamekuwa moshi. Moshi, shoga!

Aliyetoka safi ni mmoja: mama mkwe Costansia, aliyegoma kucheza kwa kuwa hakumtaka Laurensia. Kanuna huyo!

Ndiyo picha iliyotundikwa sebuleni. Laurensia anakula akikodolewa macho na mkwewe mpaka leo.