Saa ya Baba Yake Jenipher

Lusungu, nimekwisha!

Si nilimwambiaga baba yake mpenzi wangu Jenipher kuwa mie naendesha mashua ya tanga? Leo katuleta mie na Jenipher duka la saa hapa Tegeta, nimchagulie inayoonyesha maji kujaa na kupwa.

Nikaonyesha moja kwa kujiamini kabisa. Muuzaji akasema, "Hiyo inapima mapigo ya moyo, braza."

Mapigo ya MOYO, Lusungu!

Mzee akaniuliza, "Mwanangu, umewahi kushika tanga kweli?"

Nikakiri: "Hapana, baba. Nilidanganya."

Akamrudishia muuzaji saa, akauliza: "Na ile kazi ya bandarini unayosema unayo?"

Kazi ya bandarini!!

Nikaomba kwenda chooni. Ndo nimejifungia humu. Jenipher kasimama nje, anagonga taratibu: "Toka, Brightson. Na mie nataka kusikia."