Umri wa Reli

Bombay, 4 Machi 1984

Mwanangu Chausiku,

Natumaini u mzima huko Shinyanga, wewe na wagonjwa wako. Mimi sijambo, ukiutoa huu moyo ulionileta. Nimefikia kwa binamu yake Lalji, jirani yetu mwenye duka pale Isaka. Wananipikia bila chumvi kwa heshima ya moyo wangu, nami nakula kimya kwa heshima yao.

Nitapasuliwa tarehe 9 Aprili. Watatoa mshipa mguuni waupachike moyoni, damu ipate njia ya pembeni. Daktari aliniuliza umri. Nikasema hamsini na tisa.

"Mzee, mbona unaonekana mkubwa?"

"Jua la Isaka, daktari."

Presha? Sina. Moyo kwenda mbio ovyo? Sijawahi. Akafurahi, nami nikafurahi. Juzi mtu wa miaka sabini amerudishwa kwao, eti umri. Sikupanda ndege nije kurudishwa.

Baba yako,
Akida

Shinyanga, 21 Machi 1984

Baba, shikamoo.

Sisi wazima, Mama anakusalimu. Barua yako niliisoma nikiwa zamu; mgonjwa mmoja nimempima joto mara mbili.

Baba, hamsini na tisa ni umri wa reli, ule uliojipunguzia ili usistaafishwe mapema. Moyo wako haukuajiriwa reli. Una sabini na moja. Presha unayo, nimeipima mwenyewe. Na Idi ya mwaka juzi ulikatisha swala, moyo unakwenda mbio.

Nimemuuliza Daktari Athanas, mkuu wangu. Anasema baada ya upasuaji huo, siku ya pili au ya tatu, moyo unaweza kupoteza mwendo, damu ikaganda na kupanda kichwani. Wanaopatwa zaidi ni wenye umri mkubwa, wenye presha, na ambao moyo umewahi kuwafanyia hivyo. Kuacha vidonge ghafla kunazidisha. Vyako Mama amevikuta kabatini!

Wasipojua, watamlinda mtu wa miaka hamsini na tisa ambaye hayupo. Waambie. Wakikurudisha, nitakupokea stesheni.

Mwanao,
Chausiku

Bombay, 2 Mei 1984

Mwanangu,

Marahaba. Najua kimya changu kimewatesa. Mkono ulikuwa hauna nguvu ya kalamu.

Barua yako ilinikuta siku mbili kabla ya kisu. Niliisoma mara tatu, mbili kwa hasira. Kisha nikamwita daktari. Alinigombeza kwa lugha mbili, akanipa vidonge, akasogeza tarehe kwa wiki. Hakunirudisha.

Siku ya tatu baada ya kupasuliwa, kifuani wakakutana Bagalu na Bagika, wale wapinzani wa ngoma za Kisukuma, kila kundi na mdundo wake. Wauguzi walikuwa wameketi wanasubiri. Mashine ya kupima mapigo nilikwishafungiwa, dawa ipo tayari. Kesho yake ngoma ikawa moja.

"Nani alikuandikia?" daktari akauliza.

"Binti yangu. Muuguzi, Shinyanga."

"Mlete hapa."

"Hatumtoi," nikasema, na kidonda kiliniuma kwa jinsi nilivyovimba.

Wodi nzima hakuna anayenifikia kwa umri. Wanakuja kunitazama. Jana mmoja aliniuliza, nikamwambia themanini. Usiogope, kwenye faili ipo ile ya kweli.

Baba yako,
Mzee Akida