Gia Iko Kulia

Majimoto,
Jumanne jioni.

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kifua kimeacha kukusumbua. Mimi na shangazi Josephina hatujambo. Mpunga umeiva vizuri mwaka huu, ndege tu ndio wanatutia wazimu. Ningepiga simu, ila simu zangu unazikata kabla sijamaliza sentensi. Barua huwezi kuikata, labda uichane, na ukiichana najua Mama ataiunga.

Anayekuletea ni kaka Ubaldo. Najua ulimtuma aje achukue pikipiki yangu, airudishe huko Kibaoni akafanyie bodaboda. Utamwona anashuka kwenye basi mikono mitupu na suruali ina matope. Usimgombeze. Nisikilize mimi kwanza.

Ulisema pikipiki inataka miguu miwili, na mimi Mungu alinipa mmoja na nusu. Ulisema hivyo mbele ya wageni, Baba, siku ileile niliyoinunua kwa mpunga niliolima mwenyewe, nikiuburuta huo mguu wangu wa kushoto kwenye majaruba. Wageni wakacheka. Iliniuma sana. Lakini sikulia, nilikasirika, na hasira ikanipeleka kwa fundi Nashon, mwenye banda nyuma ya soko la hapa.

Hakuna pikipiki inayotoka kwa Nashon kama ilivyotoka dukani. Za wauza samaki anazichomelea fremu za kukalisha makreti. Za wabeba mpunga anazifungia springi za nyongeza na keria ndefu kama kitanda. Mimi nikamwambia sitaki keria, nataka gia ihame kutoka mguu wa kushoto ije wa kulia. Akakuna kichwa. Akashauri anifungie magurudumu mawili ya pembeni nisije nikaanguka. Nikamjibu kwamba sikuja kutengenezewa mkokoteni. Vijana wote bandani wakacheka, na safari hii hawakunicheka mimi.

Basi akapitisha nondo chini ya injini, akachomelea pedeli ya gia upande wa kulia. Breki ya nyuma akaihamishia mkononi kwa waya. Mwanzoni nondo ilipinda, ilipobadilishwa gia zikagoma, nikaambiwa nirudi kesho, nikakaa palepale mpaka zikakubali. Jirani mmoja alikuja kuniuliza kama sioni aibu, mwanamke mzima kushinda kwenye grisi. Nikamuuliza kama yeye haoni aibu kushinda akinitazama.

Ubaldo alipofika jana nilimpa ufunguo bila ubishi. Nilimwambia tu kwamba gia iko kulia na breki iko mkononi. Akasema yeye haelekezwi pikipiki na mwanamke. Akaanza kutafuta gia kwa mguu wa kushoto kama mtu anayetafuta kandambili chini ya kitanda, mpaka watu wakamkumbusha. Akaondoka vizuri, kifua mbele. Kule kwenye majaruba ng'ombe wakaingia barabarani, naye akakanyaga kulia kwa nguvu kama alivyozoea. Kulia hakuna breki, Baba. Aliwakwepa ng'ombe, akaishia katikati ya mpunga wa mzee Sospeter. Hakuumia. Pikipiki niliirudisha nyumbani mimi, yeye amekaa nyuma, ametulia.

Sasa nikwambie jambo ambalo Mama amekuficha. Unakumbuka siku ile ya mvua, lori lilipokwama kwenye tope pale mnapoingilia Kibaoni? Ulikuwa umesimama na wenzako mkisubiri. Ikapita pikipiki yenye gunia la mpunga, dereva amevaa koti la mvua na helmeti, ikavuka lile tope taratibu bila kuyumba. Mama aliniambia kwamba ulirudi nyumbani ukimsifu dereva yule mpaka ugali ukapoa. Ulisema kijana yule amefunzwa akafunzika, si kama Ubaldo anayeendesha kama anafukuzwa na nyuki.

Yule kijana ni mimi, Baba. Nilikuona. Ulinipungia mkono, nami nikashindwa kukupungia kwa sababu breki yangu iko mkononi.

Kwa hiyo pikipiki sirudishi, wala usitume mtu mwingine. Jumapili nitakuja mwenyewe tukasali pamoja. Sijasahau ulivyokuwa ukinibeba kwenye baiskeli kunipeleka shule, milima yote ile, bila kulalamika hata siku moja. Jumapili utakaa nyuma wewe. Na kama utaona aibu kubebwa na mimi mbele ya waumini wenzako, tembea tu. Nitakufuata nyuma polepole mpaka uchoke.

Nisalimie Mama sana, mwambie siri nimeitoa mwenyewe. Shangazi anakusalimu, na amesema uvae koti zito, barabarani kuna upepo.

Ni mimi mwanao ninayekupenda, nisiyerudisha pikipiki,

Wema