Pampu ya Kunyonya

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Usishtuke ukiona doa jeusi kwenye kona ya karatasi hii. Si wino, ni kidole cha mjukuu wako Chiriku. Sasa hivi tu nimegeuka kutafuta kalamu, naye akapeleka mkono kwenye kitambaa changu cha kufutia oili, kisha akaja kuipiga barua muhuri kabla sijaandika hata salamu. Nimemkaripia, akacheka. Basi nimeliacha doa libaki, maana na yeye anakuamkia.

Huku hatujambo. Mume wangu mwokaji ni mzima, mikono imejaa alama za tanuri kama kawaida yake. Mama mkwe anaumwa kiuno lakini mdomo mzima kabisa. Wasiwasi wetu ni wewe na hayo magoti. Yamepoa? Unafika mlangoni bila fimbo? Na ile dawa ya kuchua unaitumia, au umeiweka kabatini iwe pambo?

Baba, najua leo Kaka anakuja kuchukua gari. Uliponiambia kwenye simu nilisingizia mtoto analia, nikakata. Ulisema tangu yule fundi wa gereji aikaze nati ya chini mpaka ikafa meno, oili haiwezi kumwagwa tena bila kushusha tumbo zima la injini, na gari lisilobadilishwa oili ni maiti inayotembea. Kwa hiyo liuzwe lingali na uhai. Sikukasirika. Gari hilo umelitunza kwa mgongo wako, ukilala chini yake na kutoka na tone jeusi kwenye paji la uso, Mama akikucheka. Ila ndilo ninalobebea mikate yetu alfajiri kwenda madukani. Likiondoka, mkate wa mume wangu utaishia pale pale tanurini, nami nitarudi kukaa ndani kungoja. Kaka naye ni mtu wa maneno mawili, ndiyo na hapana, hivyo nimeona nikueleze mwenyewe, yeye abebe barua tu.

Juzi nilikuwa naangalia simu huku namnyonyesha Chiriku, nikamwona mwanamke mmoja akibadili oili bila kulala chini ya gari. Alichomoa kile kijiti cha kupimia oili, akapitisha mrija mwembamba kwenye tundu lake, akavuta mpini wa pampu, na oili chafu ikapanda yenyewe hadi kwenye kopo. Nilipiga ukelele mpaka mtoto akaachia ziwa. Nati ya chini ya kazi gani tena?

Nikampigia Kilakitu, yule muuza vitu wa mtaani anayekuletea chochote kuanzia sindano hadi tairi. Nikamwambia nataka pampu ya kunyonya. Akauliza ya umeme au ya mkono, nikasema ya mkono. Chiriku alikuwa analia nyuma yangu, Kilakitu akasema basi, ameshaelewa. Jioni akaleta kiboksi kizuri, nikafungua, ndani mna pampu ya kukamulia maziwa ya mama! Mama mkwe alicheka mpaka kiuno kikasahau kuuma. Nilipompigia tena na kumweleza kwamba anayenyonywa ni injini, Kilakitu akasema, "Mama Chiriku, siku nyingine anza na jina la mgonjwa." Kesho yake akaleta yenyewe. Ile ya kwanza nitakwambia mbele ilikoishia.

Jana mchana nikafungua boneti. Niliwasha injini kidogo ipate joto, maana oili baridi ni nzito kama uji uliolala, nikaizima. Nikapitisha mrija taratibu mpaka ukagota, nikavuta mpini. Ikaja nyeusi tii! Lakini haikukawia, ikakatika, na pampu ikaanza kukoroma hewa. Nikatazama kopo: haikufika hata nusu ya tuliyokuwa tukimimina mimi na wewe. Mume wangu akasema labda ndiyo yote. Jirani wa teksi, aliyekuja kushangaa bila kualikwa, akasema si alijua, gari halinyonywi na mrija kama soda. Baba, nilitaka kulia. Akilini nikamwona Kaka tayari akiondoka na ufunguo.

Ndipo Chiriku, aliyekuwa mapajani kwa bibi yake, akasikia ule mkoromo wa pampu na kuninyooshea mikono, anataka ziwa. Mlio ni ule ule! Ndivyo anavyofanya akishika chuchu vibaya, anavuta hewa, maziwa hayaji. Huwa simlazimishi, namtoa kidogo, namweka upya. Basi nikauvuta mrija nje kidogo, nikauzungusha, nikaushusha tena, ukateleza na kugota chini zaidi. Nikavuta mpini. Ikaja, ikaja, ikaja, mpaka kopo likafika pale nilipotaka. Jirani akaomba maji ya kunywa.

Nikabadili na filta, nikamimina oili mpya yenye rangi ya asali. Nilipowasha, injini ilitoa ile sauti uliyokuwa ukiiita sauti ya mtu aliyeshiba. Oili chafu nimeifunga kwenye dumu, itapelekwa kwa wanaoikusanya, sikuimwaga mferejini. Na paji langu la uso halikupata hata tone!

Sasa Baba, kaa vizuri. Utajiuliza kwa nini sikuweka jeki nikalala chini nipambane na hiyo nati, wakati ulinifundisha. Mkunga amenikataza. Na ile pampu ya kwanza sikuirudisha. Nimeiosha, nimeifunga kwenye kitambaa safi, iko kabatini inangoja kazi yake. Ndiyo, Baba. Chiriku anakuwa dada. Hata mwokaji wangu nilimwambia jana tu, pale pale kwenye boneti, akanikumbatia bila kutazama mikono yangu. Shati lake jeupe la kazi limekwisha kwa oili.

Mpe Mama shikamoo yangu, na habari hiyo umpe wewe kabla Kaka hajaitoa kwa maneno mawili. Wifi na watoto wasalimie mmoja mmoja. Uchue magoti.

Ni mimi binti yako,
Mama Chiriku

Baba, ngoja, sijaifunga bado. Kaka amefika na gari lake, hata ndani hajaingia. Namwona dirishani. Amefungua boneti ya gari letu, amechomoa kijiti, amekifuta, amekirudisha, amekichomoa tena, vile vile ulivyotufundisha. Anakitazama juani. Amewasha injini, ameiinamia, anasikiliza. Sasa ananiita kwa sauti, anauliza hiyo pampu iko wapi, niilete haraka, eti na gari lake nalo linyonywe.