Kivuli cha Mwamvuli Wako Kisiwani

Mpendwa mke wangu, Mama Saida,

Nakuandikia hadharani, jambo ambalo ungelikataa. Hukutaka hata kupigwa picha, sembuse kuandikwa. Lakini watu wa mtaani kwetu Ngamiani wameanza kunong'ona kwamba Baba Saida amechanganyikiwa, basi bora wayasikie kwangu.

Unakumbuka siku ya kwanza uliponipeleka kwenye kile kisiwa cha mchanga, bahari ya kwenu Pangani? Saida tulimwacha kwa bibi yake. Mimi mpiga picha wa mjini, nimezoea maharusi na picha za paspoti, nikaona ule weupe umejitokeza maji yalipokupwa, nikataka kuruka na kamera yangu. Ukanishika shati. Ukaniambia watu wa kijijini kwenu Mwera hawashuki pale bila kupiga hodi, na hodi haiachwi bila kujibiwa. Kwa kuwa kisiwa hakina mwenyeji, mmoja hubaki chomboni amjibu mwenzake. Nikacheka mpaka ukanuna. Kisha ukasema neno ambalo sikulitilia maanani.

"Baba Saida, karibu yako itoke nyuma yako. Ikitoka mbele, usishuke."

Tangu hapo tulikwenda kila mwaka. Mimi hodi, wewe karibu, kwa ile sauti yako ya kukokota kama mtu aliyeamshwa usingizini. Halafu unashuka na mwamvuli wako mweusi, unasimama nyuma yangu, unanikinga jua nione vizuri kioo cha kamera. Tatizo kivuli. Kila picha nzuri, chini yake pana kivuli cha mwamvuli na cha kichwa chako, nami nafoka. Nyumbani nakikata, unabaki mchanga na maji, na wageni wanaokuja kutalii wanazipenda picha hizo kwelikweli. Ulikuwa ukinitania kwamba kisiwa nakipenda kuliko wewe. Nikawa nakujibu kwamba kisiwa angalau hakinisemi.

Ulipofariki nilitafuta picha yako nyumba nzima. Nikapata ile ya kitambulisho tu, umekunja uso. Kisiwa ninacho cha kila mwaka, wewe sina. Hilo linaniuma, na sioni haya kulisema.

Mwezi uliopita nikamwomba kaka yako anipeleke. Ilikuwa mchana, jua kali, bahari shwari, hakuna mgeni hata mmoja. Akazima mashine. Nikasimama mbele ya boti, na ulimi ukatamka wenyewe: hodi. Ndipo nikakumbuka kwamba sina wa kunijibu. Kaka yako alikuwa ameinama akihangaika na nanga.

"Karibu."

Ilikuwa sauti yako, ile ya kukokota. Ilitoka mchangani, mbele yangu.

Nilitaka kushuka, mke wangu. Mguu mmoja ulikuwa umeshavuka ubavu wa boti, na maji yalikuwa na baridi ambayo sijawahi kuikuta kwenye bahari yetu. Nikakumbuka ulivyonishika shati. Nikarudisha mguu, nikapiga picha moja, nikasema turudi. Nilimuuliza kaka yako kama amesikia kitu. Akasema mlio wa mashine umemziba masikio. Mashine ilikuwa imezimwa kitambo, naye hakunitazama usoni mpaka tulipofika Pangani.

Picha ninayo hapa mezani. Mchanga mtupu, hakuna mtu, hakuna mti, wingu halipo. Kwenye ukingo wa mchanga, chini ya picha, kuna kivuli cha mwamvuli na cha kichwa kimoja. Mwamvuli wenyewe unaning'inia nyuma ya mlango wetu, pale pale ulipouacha. Saida ameitazama, akalia, akaniomba nikikate kile kivuli na nisiende tena.

Kukata sikati. Vile vya zamani nilivikata vyote, hiki kitabaki. Na kwenda nitakwenda, kama tulivyokwenda kila mwaka. Nitapiga hodi. Lakini nakuomba, kama kweli ni wewe, nijibu ukiwa nyuma yangu. Kwa sababu sauti ile ikitoka mbele mara ya pili, sidhani kama nitaweza kuurudisha mguu.

Mola aliangazie kaburi lako. Na siku hiyo, tafadhali, nishike shati.

Mumeo,
Baba Saida